Kaburi la Mnyapara Ambalo Wezi Hawakuliona

Msikilizaji mpenzi, ukimuuliza mtu yeyote hapa mjini habari za makaburi ya Misri ya kale, jibu utakalopewa ni moja: Tutankhamun. Ni yule mfalme kijana, mwenye sura ya dhahabu, ambaye kaburi lake liligunduliwa na Mwingereza Howard Carter mwezi Novemba 1922. Vitu zaidi ya 5,000 vilitolewa humo, na kazi ya kuvitoa ilichukua karibu miaka 10. Lakini liko jambo ambalo wengi hawalijui, ama wanalijua na kulisahau. Kaburi la Tutankhamun halikuwa zima. Wezi waliingia humo katika zama zilezile za kale, muda si mrefu baada ya maziko, tena si mara moja. Walinzi wa makaburi wakaja wakaziba matundu upya na kupiga mihuri.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kaburi jingine, lililogunduliwa miaka 16 kabla ya hilo, na ambalo mkono wa mwizi haukuligusa kamwe kwa muda wa miaka 3,300 hivi. Mwenyewe hakuwa mfalme wala mtoto wa mfalme. Aliitwa Kha, na kazi yake ilikuwa unyapara. Alizikwa pamoja na mkewe, Merit.

Tuanze na mahali penyewe. Ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji wa leo wa Luxor, kuna bonde dogo kavu liitwalo Deir el-Medina. Hapo palikuwa na kijiji cha mafundi: wachonga mawe, wapaka rangi, waandishi, maseremala. Kazi yao ilikuwa moja tu, kuchimba na kupamba makaburi ya mafirauni nyuma ya mlima, katika Bonde la Wafalme. Chakula, maji na zana zao vilitoka serikalini. Mshahara wao ulikuwa nafaka, kwa sababu fedha za sarafu zilikuwa hazijabuniwa, na nafaka hiyo ilipochelewa mambo hayakuwa mazuri. Katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, yaani kiasi cha mwaka 1157 kabla ya Kristo, mafundi hao waliweka zana chini, wakatoka kijijini na kwenda kuketi nyuma ya mahekalu wakidai posho yao. Wanahistoria wanauhesabu huo kuwa mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ambao habari zake ziliandikwa na kutufikia.

Kha aliishi zaidi ya miaka 200 kabla ya mgomo huo, nyakati ambazo hazina ya Misri ilikuwa imejaa. Aliwatumikia wafalme watatu kwa zamu: Amenhotep wa Pili, Thutmose wa Nne na Amenhotep wa Tatu. Cheo chake kiliitwa mkuu katika Mahali Pakuu, na Mahali Pakuu maana yake ni kaburi la mfalme. Wazungu humwita msanifu wa majengo, na hawakukosea sana, lakini mimi nadhani neno letu la mnyapara linamfaa zaidi, kwa kuwa ndiye aliyesimama kati ya wakubwa wenye amri na mafundi wenye nyundo.

Sasa, kaburi lilipatikanaje? Mwanzoni mwa karne ya 20, Mtaliano Ernesto Schiaparelli, mkurugenzi wa Jumba la Makumbusho la Misri katika mji wa Turin, alikuwa akichimba bondeni hapo. Gharama zilisaidiwa na mfalme wa Italia. Schiaparelli aliajiri wenyeji zaidi ya 250, akawagawa makundi makundi, wakawa wanaondoa kifusi mlimani siku baada ya siku, kwa majuma. Tarehe 15 Februari 1906 wakafikia mdomo wa shimo lenye ngazi zilizoteremka mwambani.

Hapa msikilizaji utauliza: iweje wezi wa miaka elfu tatu na zaidi wasilione? Jibu linapendeza. Desturi ya mafundi wa kijiji kile ilikuwa kujenga chumba kidogo cha ibada juu ya ardhi, mahali ambapo jamaa huleta sadaka na kumkumbuka marehemu, na chini yake kuchimba kaburi lenyewe. Mwizi akiona chumba cha ibada, hujua pa kuchimba. Chumba cha ibada cha Kha kilikuwa kinajulikana, na jiwe lake la kumbukumbu lilikwisha kufika Turin tangu karne ya 19. Lakini Kha, ambaye maisha yake yote alishughulika na kuficha makaburi ya wengine, hakuliweka lake chini ya chumba hicho. Alilichimba mbali kidogo, kwenye ukuta wa mlima unaotazamana nacho, na kifusi kikaporomoka kikafunika mdomo wake. Basi wezi walichimba panapoonekana, wakaondoka.

Siku iliyofuata Schiaparelli aliteremka pamoja na Mwingereza Arthur Weigall, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale wa Misri ya Juu. Walikuta ukuta wa mawe, mzima. Ukabomolewa. Nyuma yake ujia, halafu ukuta wa pili, nao mzima. Nyuma ya huo ujia mrefu zaidi, na humo ndimo vitu vilipoanza kuonekana: kitanda, vikapu, mitungi, vyombo vilivyokosa nafasi ndani. Mwisho wa ujia palikuwa na mlango wa mbao uliofungwa kwa komeo. Weigall aliandika baadaye kwamba mbao zake zilikuwa na rangi ya mbao mpya, kana kwamba fundi ameutia mlango jana, na kwamba Schiaparelli alimwita mtumishi wake amletee ufunguo. Hawakutaka kuuvunja. Wakapitisha msumeno mwembamba katikati ya mbao, wakalikata komeo taratibu, mlango ukafunguka.

Chumba chenyewe si kikubwa. Ni takriban mita 5 na nusu kwa mita 3 na nusu, kuta hazina picha hata moja. Ajabu ilioje, kwa mtu aliyeishi na wapaka rangi hodari kuliko wote duniani wakati huo! Lakini kila kitu kilikuwa mahali pake kama kilivyoachwa siku ya mazishi. Majeneza mawili makubwa yamefunikwa shuka. Kitanda cha Merit kimetandikwa, kina mashuka na mto wa mbao wa kulalia. Taa ya shaba imesimama juu ya mguu wa mbao, na ndani yake mabaki ya mafuta na majivu ya utambi uliowaka mpaka ukazimika wenyewe, baada ya watu wa mwisho kufunga mlango na kwenda zao.

Sisi wengine huku kwetu tukifa huondoka na sanda tu, na sanda yenyewe haina mfuko. Wamisri wa kale waliamini vingine. Kwao akhera ilikuwa na mashamba, ina njaa, ina kiu, ina haja ya kuoga na kunyoa, na mtu asiyechukua vyake ataadhirika huko. Kwa hiyo kaburi la mtu mwenye uwezo lilikuwa kama kuhama nyumba. Makaburi ya wafalme hutuonyesha anasa, na anasa haisemi sana juu ya maisha ya watu. Kaburi la Kha, lenye vitu zaidi ya 400, linatuonyesha kabati, jiko na sanduku la zana za mtu aliyekwenda kazini asubuhi.

Tutazame nguo. Kulikuwa na nguo za ndani za kitani, za pembe tatu, karibu 50. Kulikuwa na kanzu fupi na kanzu nzito, nyingi zikiwa na alama ya mwenyewe iliyotiwa pembeni, bila shaka kwa ajili ya dobi asichanganye. Mwenye kuishi nyumba ya kupanga yenye kamba moja ya kuanikia ataielewa alama hiyo bila kufundishwa.

Kuna mfuko wa wembe na kibano. Kuna viti, vingine vya kukunja. Kimoja kimepakwa rangi kwa ustadi ili kionekane kama kimetiwa mpingo na pembe za ndovu, na kumbe ni mbao za kawaida. Kuna bao la mchezo uitwao senet, pamoja na kete zake. Mnyapara alitazamia kupumzika.

Merit ana sanduku lake la urembo: vichupa vya kioo na vya jiwe laini, marhamu, na kibweta cha wanja chenye kijiti chake. Wanja huo ni uleule, msikilizaji, ambao bibi zetu wa pwani wanautia machoni mpaka leo. Ana pia nywele za bandia, zilizosukwa kwa nywele halisi za watu, ndefu, za mawimbi, zikiwa zimehifadhiwa katika kabati lake maalumu lenye jina lake. Ukiziona unadhani zimetoka saluni juma lililopita.

Halafu chakula. Mikate ya maumbo mbalimbali imepangwa mezani na vikapuni. Nyama na ndege waliotiwa chumvi, samaki, vitunguu, vitunguu saumu, bizari ya pilau, tende, zabibu. Mitungi ya divai na mafuta. Na makoma! Tunda la mkoma wa Misri ni ndugu wa makoma haya yanayoota pwani yetu na ambayo watoto huyaguguna mpaka meno yaume. Hayo nayo yalikuwamo, kikapu tele, yamekauka tu.

Lakini kitu ninachokipenda kupita vyote ni fimbo mbili za kupimia. Wamisri walipima kwa dhiraa, na neno hilo sisi tumelipata kwa Waarabu na tunalielewa: urefu wa mkono tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole. Dhiraa ya kifalme ya Misri ilikuwa kama sentimita 52 na nusu. Fimbo ya kwanza ya Kha imefunikwa dhahabu yote na imeandikwa jina la mfalme Amenhotep wa Pili. Hiyo ilikuwa zawadi, kama vile saa anayopewa mfanyakazi bora siku ya sherehe. Ya pili ni ya mbao, inakunjika katikati kwa bawaba, na ina ala yake ya ngozi. Hakuna mfalme aliyeandikwa kwa dhahabu juu yake. Ndiyo aliyokwenda nayo Kha shimoni kila siku, na nadhani mtu mwenyewe yumo katika hiyo zaidi kuliko ile ya kwanza.

Sasa tufike kwenye majeneza, maana hapo pana habari ya huzuni ambayo hakuna aliyeiandika, lakini mbao zenyewe zinaisema. Kha alizikwa katika majeneza matatu, moja ndani ya jingine, yote yametengenezwa kwa mpango. Merit alikuwa na mawili tu, na ajabu ni kwamba jeneza lililomlaza lina jina la Kha. Tena ni kubwa kupita kiasi kwa mwili wake, hata waliomzika walilazimika kusokomeza vitambaa vya kitani ubavuni na miguuni asitikisike. Maana yake ni wazi. Mke alikufa ghafla, akiwa mwanamke wa kati ya miaka 25 na 35 kwa makadirio ya wataalamu, wakati lake lilikuwa halijachongwa. Mume akatoa jeneza alilojitengenezea yeye. Sura ya kufunika uso wa maiti, iliyopakwa dhahabu, nayo alipewa mke, na Kha mwenyewe hakuwa na nyingine. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa akiwa na miaka kati ya 50 na 60, akawekwa kando ya mkewe.

Schiaparelli anastahili sifa kwa jambo moja kubwa. Zama zile ilikuwa kawaida kufungua vitambaa vya maiti hadharani, wakati mwingine mbele ya wageni waalikwa kama mchezo wa kuigiza. Yeye aliwaacha Kha na Merit kama walivyofungwa na watu wao, na hawajafunguliwa hadi leo. Mwaka 1966 walipigwa picha za eksirei, na baadaye zikatumika mashine za kisasa zaidi. Ndipo ikaonekana kwamba chini ya vitambaa Kha amevaa mkufu mzito wa vipande vya dhahabu, ambao mfalme aliwatunukia watumishi wake waaminifu, pamoja na hereni kubwa masikioni. Merit amevaa vito vya shingoni na mkanda wa shanga kiunoni. Viungo vya ndani havikutolewa, kwa hiyo wataalamu kwa miaka mingi walisema kuwa wawili hao hawakuhifadhiwa sawasawa. Utafiti wa vitambaa vyao uliochapishwa mwaka 2015 ulikanusha hayo: walipakwa mafuta, utomvu wa miti na manukato ya gharama, na katika vitambaa vya Merit yalipatikana mafuta ya samaki na nta ya nyuki.

Lakini siwezi kumsifu Schiaparelli kwa mengine. Kaburi zima, lenye utajiri wa habari kiasi hicho, alilihamisha kwa siku tatu. Picha zilizopigwa ni chache, na kitabu chake juu ya kaburi hilo kilitoka mwaka 1927, miaka 21 baadaye, mwaka mmoja tu kabla ya kufa kwake. Linganisha na Carter na miaka yake 10. Haraka ile ilikuwa na sababu, kwani habari zilikwisha kuenea bondeni na wezi wa karne ya 20 hawakuwa mbali. Hata hivyo, maswali mengi kuhusu kitu gani kililala wapi hayana jibu tena.

Na vitu vilikwenda wapi? Takriban vyote vilipelekwa Italia. Utaratibu wa wakati ule uliruhusu mchimbaji wa kigeni kugawana vitu na Idara ya Mambo ya Kale ya Misri, na mkuu wa idara hiyo, Mfaransa Gaston Maspero, aliamua kaburi la Kha lisitawanywe. Cairo ikabakiwa na vitu vichache. Tazama basi: nchi ni ya Wamisri, inatawaliwa na Waingereza tangu 1882, idara inaongozwa na Mfaransa, na mali inakwenda kwa Wataliano. Mmisri aliyekuwapo pale alikuwa na karai la kifusi mkononi. Wapo wanaosema kwamba kuviweka vitu pamoja katika ukumbi mmoja wa Turin kumeviokoa visitawanyike duniani, na kweli hiyo ina uzito. Lakini mtoto wa Luxor anayetaka kuona jinsi babu zake walivyokunja mashuka sharti apate viza. Utaratibu wa kugawana ulikoma kabisa kwa sheria ya Misri ya mwaka 1983. Vitu vya Tutankhamun vilibaki nyumbani, na mwaka 2025 vilikusanywa katika jumba jipya kubwa karibu na piramidi za Giza.

Mtu anaweza kusema kwamba bora Wataliano kuliko wezi wa zamani, na ukisoma kumbukumbu za mahakama za Misri ya kale unaweza kukubaliana naye. Zimesalia karatasi za mafunjo za kesi ya mwaka wa 16 wa Ramesses wa Tisa, kiasi cha mwaka 1110 kabla ya Kristo. Mchonga mawe mmoja, Amenpanefer, anakiri kwamba yeye na wenzake saba waliingia kaburi la mfalme Sobekemsaf, wakamvua dhahabu yeye na malkia wake, kisha wakayatia majeneza moto. Kila mmoja alipata deben 20 za dhahabu, karibu kilo mbili za sasa. Amenpanefer akakamatwa. Akampa afisa mmoja, mwandishi wa wilaya, fungu lake lote la dhahabu, na afisa akamwachia. Alipowarudia wenzake, wakamchangia fungu jingine kufidia hasara! Rushwa, msikilizaji, haikuanza jana.

Wakati wizi huo unafanyika, Kha na Merit walikuwa wamelala mwendo mfupi tu kutoka hapo, na wezi wakipita juu yao.

Nimalizie na mitungi. Mingi katika ile iliyozikwa pamoja nao haijafunguliwa mpaka leo, vizibo na vitambaa vyake viko vilevile. Miaka ya karibuni wataalamu wa kemia kutoka Italia walitaka kujua kilichomo bila kuvunja hata muhuri mmoja. Wakaitia mitungi ndani ya mifuko ya plastiki, wakaiacha siku kadhaa ili harufu ijikusanye, kisha wakaipima harufu hiyo kwa mashine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Katika mitungi kadhaa walikuta dalili za nta ya nyuki, katika mingine unga wa shayiri, na katika mingine samaki wakavu, ambao harufu yao baada ya karne 34 ilikuwa bado haijaisha.